Kitunguri cha Sungura

Wanyama wa Mikumi ni miongoni mwa wachache duniani wanaojua bei zao. Barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Iringa imeipasua hifadhi yao kwa kilometa zipatazo 50, na kando yake umesimamishwa ubao unaomweleza dereva atatozwa dola ngapi akimgonga twiga, ngapi akimgonga nyati, ngapi akimgonga ngiri. Kuna na vibao vya mwendo: 70 mchana, 50 usiku. Wanyama wamekaa jirani na lami hiyo zaidi ya nusu karne, na wamemsoma binadamu vizuri kuliko anavyowasoma yeye kwa darubini zake za kitalii. Wanajua kwamba dereva akimwashia taa mwenzake anayekuja, anamwambia mbele kuna tochi ya kupima mwendo. Wanajua kwamba aliyewashiwa atanywea ghafla, atampita trafiki kwa upole wa mtu anayetoka ibadani, na akishapinda kona atakanyaga mafuta ili afidie dakika alizopoteza kwa kutii sheria. Nalitanguliza hili ili hekaya hii isisomwe kana kwamba wanyama ndio waliobuni mambo haya. Wameiga tu.

Basi, katika mbuga ya Mkata, humo humo Mikumi, palikuwa na njia iliyotoka malishoni kwenda mahali pa kulamba chumvi. Wabebaji katika njia hiyo walikuwa Nyumbu. Walibeba madebe ya chumvi, walibeba abiria wadogo kina Nguchiro na Kanga, na kila jioni walipeleka hesabu kwa tajiri wao, Nyati, ambaye hakutaka kusikia habari za njia mbovu wala abiria wachache. Hesabu ni hesabu. Nyumbu aliyepeleka pungufu leo, kesho alikuta zamu yake amepewa mwingine. Ndiyo maana walikimbia. Simtetei Nyumbu, ila anayedhani walikimbia kwa raha ya kukimbia, huyo hajawahi kudaiwa hesabu.

Katikati ya njia palikuwa na bonde, na bondeni mbuyu. Chini ya mbuyu Mama Ngiri alikuwa akiuza uji, na wanawe wanne wa uzao mmoja walishinda hapo wakikimbizana, mikia imesimama wima kama wafanyavyo ngiri wote. Akina mama wengine nao waliwaacha watoto wao hapo wanapokwenda mtoni. Palipotokea ajali ya kwanza ikasemwa ni bahati mbaya. Ya pili ikasemwa ni uzembe wa mama. Ya tatu ilimpata mtoto wa mjumbe wa baraza, ndipo ikaonekana ipo haja ya sheria.

Sheria ikawa fupi: bondeni, mtu yeyote asizidi mwendo wa punda milia asiye na haraka. Faini, debe moja la chumvi. Kazi ya kusimamia akapewa Popo, maana safari nyingi za Mkata ni za alfajiri na za magharibi, jua likiwa limepoa. Popo hutoa mlio ambao wengi wetu hatuusikii. Mlio humgonga mpitaji ukarudi. Anayekuja mbio huurudisha ukiwa mwembamba kuliko ulivyotoka, na kadiri unavyozidi wembamba ndivyo Popo anavyojua kasi imezidi. Tochi ya trafiki haina siri nyingine. Yenyewe hutuma mawimbi ya redio badala ya mlio, lakini kanuni ni ile ile aliyoieleza Mwaustria Christian Doppler mwaka 1842.

Wiki mbili za kwanza Popo alikusanya chumvi mpaka akakosa pa kuiweka. Mwendo bondeni ukapungua. Mama Ngiri akapata wateja wa uji, kwa kuwa anayepita polepole husikia harufu.

Ndipo akaja Sungura.

Sungura alikuwa amefanya utafiti, na hapa lazima tumpe haki yake. Aligundua kwamba nondo wana masikio ya kumsikia popo. Hilo silibuni, wataalamu wa wadudu wanalijua vizuri. Nondo wengi humsikia popo mapema, popo mwenyewe akiwa bado hajatambua kwamba kuna nondo. Sababu yake ni nyepesi. Mlio unaokwenda kwa nondo husafiri safari moja, lakini ili umfae popo ni lazima urudi, na safari ya kurudi huumaliza nguvu. Anayesikiliza humtangulia anayetafuta. Vigunduzi vya tochi wanavyobandika madereva kwenye kioo cha mbele vinaishi kwa tofauti hiyo hiyo: vinanasa mawimbi yakiwa yanakwenda, kabla hayajarudi na habari.

Basi Sungura akachukua vitunguri, vile vidogo ambavyo waganga hutilia dawa, akaweka nondo mmoja katika kila kimoja, akakitia kamba ya kuvaa shingoni. Popo akilia mbali, nondo hupapatika ndani na kitunguri hucheza. Mvaaji anapunguza mwendo, anapita bondeni akisalimia kila mtu, anapanda upande wa pili na kuondoka zake.

Siku ya gulio alisimama juu ya kichuguu.

"Ndugu zanguni! Faini ni debe moja. Ukikamatwa mara kumi, madebe kumi yamekwenda kwa Popo. Kitunguri kinauzwa madebe kumi. Kuanzia mara ya kumi na moja wewe unakula faida mpaka ufe!"

Kanga, ambaye hushinda chini akiokota na kwa hiyo husikia mengi, akainua shingo. "Na asiyekimbia je, Bwana Sungura? Yeye faida yake inaanzia ya ngapi?"

"Huyo si mteja wangu, dada," akasema Sungura, akampa mgongo.

Nyumbu walinunua. Wengine walikopa kwa Nyati, naye akakata kwenye hesabu. Nimejaribu kuihamisha hesabu ya Sungura huku barabarani kwetu. Faini ya mwendo kasi imekuwa shilingi 30,000 kwa miaka mingi, na kigunduzi cha maana cha kuagiza nje kinauzwa dola mia na kuendelea, vingine dola mia kadhaa. Mwenye kalamu apige mwenyewe aone itabidi akwepe tochi mara ngapi ndipo kifaa kiirudishe fedha yake. Halafu ajiulize, kama anakamatwa mara zote hizo, tatizo lake ni la kifaa kweli?

Lakini tusimwonee Sungura. Mwezi wa kwanza vitunguri vilifanya kazi. Vilicheza, Nyumbu wakanywea, Popo akaambulia patupu. Nyumbu wenye vitunguri wakawa hawasalimiani na wasio navyo.

Mwezi wa pili ikaonekana kwamba Mkata ina popo wengi ambao hawajaajiriwa na mtu. Wanawinda mbu zao tu. Kitunguri hakikujua tofauti ya popo wa faini na popo wa mbu, kikacheza kwa wote. Nyumbu akawa anashituka na kufunga kwato katikati ya mbuga tupu, abiria wanaruka mbele, kanga anaangukia pua ya nyoka. Ikifika jioni kitunguri kimecheza mara nyingi hata mvaaji hakisikii tena, na wengine walikiziba mdomo kwa nyasi ili wapate usingizi. Waliendelea kukivaa, hata hivyo. Madebe kumi si mchezo. Binadamu nao wanayajua haya: mawimbi yanayotumiwa na baadhi ya tochi ni jirani mno na yale ya milango ya maduka makubwa inayojifungua yenyewe, na magari mengi mapya yana vihisio vya pembeni vinavyopiga kelele katika masafa hayo hayo. Kigunduzi cha bei rahisi kinatangaza trafiki mbele ya kila duka.

Mwezi wa tatu Popo akabadili tabia. Alikuwa akilia mfululizo. Sasa akaning'inia kimya kwenye tawi, akamngoja Nyumbu afike chini yake kabisa, akatoa mlio mmoja. Kitunguri kilicheza, naam, lakini kilikuwa kinatoa taarifa ya msiba uliokwisha kuzikwa. Nani alimfundisha Popo ujanja huo? Tutafika.

Sungura akaleta kitunguri cha toleo la pili. Hiki kilikuwa na Chiriku aliyekaa juu ya pembe, kazi yake kukumbuka kila mti ambao Popo amewahi kukaa. Wazo si baya, na kwa Popo asiyehama lilitosha. Ila Chiriku alipiga kelele kwa wiki nzima kwenye mti uliokwisha kuanguka tangu masika, huku Popo akiwa mti wa tatu kutoka hapo.

Halafu baraza likamwajiri Mwewe. Mwewe hatoi mlio wowote. Anakaa juu, anamchagua Nyumbu mmoja kati ya kundi, anamkazia jicho moja kwa moja, basi. Nondo ndani ya kitunguri hana habari. Na hata angekuwa nayo ingemfaa nini mvaaji? Ukihisi jicho la Mwewe limekugusa, tayari amekwisha kukusoma. Trafiki wenye tochi za leza wako hivyo. Mwali wake ni mwembamba kiasi kwamba mita 300 mbele upana wake ni kama wa mita moja, haumwagiki kwenye magari mengine ili kigunduzi chako kiudokoe. Kikilia, kimelia kwa sababu ni wewe.

Sungura hakutetereka. "Toleo la tatu liko njiani," akasema, na akapokea malipo ya awali.

Msimu huo Korongo mweupe alikuwa amewasili kutoka Ujerumani, kama afanyavyo kila mwaka kule kukianza baridi. Alikuwa na kiota katika kijiji cha Bergenhusen, kaskazini kabisa, na alipoviona vitunguri alicheka mpaka akalazimika kusimama kwa miguu miwili.

"Kwetu hiki ukikitumia safarini unatozwa euro 75," akasema, "na jina lako linatiwa alama moja katika daftari la mji wa Flensburg. Halafu kitu chenyewe kinachukuliwa. Na makorongo wa Ufaransa niliowahi kukutana nao wananiambia kwao mambo ni makali zaidi: tangu mwaka 2012 hata vile vya kukumbuka miti vimepigwa marufuku, na vile vya kusikiliza vilianza kufukuzwa zamani. Ukikutwa nacho tu, hata kama kimelala, faini inaweza kufika euro 1,500."

"Wazungu wana wivu," akasema Nyumbu mmoja kijana.

"Waingereza wameviruhusu," Korongo akakiri kwa haki. "Wamekataza vile vya kumvuruga Popo masikio."

Sungura akayaandika hayo ya mwisho pembeni. Ilikuwa soko jipya. (Kuna nondo, kwa taarifa, ambao kweli humrushia popo mibofyo ili kumchanganya. Viumbe wamepigana vita hii mamilioni ya miaka kabla ya sisi kupata leseni, na mpaka leo popo hajafa njaa wala nondo hajaisha.)

Baraza, kwa kuchoka na mbio hizi za kukimbizana, likawaajiri Kobe wawili. Kobe wa kwanza alikaa mwanzo wa njia. Kila aliyepita alipewa jani bichi la mkwaju lililochumwa saa hiyo hiyo. Kobe wa pili alikaa mwisho wa njia na kulipokea. Likiwa limenyauka sawasawa, pita. Likiwa bado bichi, umekimbia, lete chumvi. Hakuna mlio, hakuna jicho, hakuna wa kumvizia. Ni umbali na muda tu. Kule kwa binadamu kamera mbili zinasoma namba ya gari mwanzo na mwisho wa kipande cha barabara na kufanya hesabu hiyo hiyo, na mabasi yetu ya mikoani yanatembea na Kobe wao ndani, kile kifaa cha mamlaka ya usafiri wa ardhini, LATRA, kinachopeleka mwendo wa basi kituoni hata kama njia nzima haina trafiki. Hapo kigunduzi hakina cha kugundua.

Kwa kuwa Kobe walitosha, Popo na Mwewe wakahamishiwa mahali pengine kubana matumizi.

Sasa sikia akili ya Nyumbu. Hakupunguza mwendo. Alikimbia kwa nguvu zake zote nusu ya njia, kisha akasimama mahali akangoja jani linyauke. Na mahali penye kivuli, uji na mazungumzo palikuwa pamoja tu. Mbuyu wa Mama Ngiri ukawa kituo cha kupotezea muda. Nyumbu walishuka bondeni mbio kuliko zamani zote ili wapate dakika nyingi zaidi za kukaa, wakaketi wakilinganisha majani yao. Biashara ya uji ikastawi. Mama Ngiri akaongeza chungu cha pili, na kwa kuwa vyungu viwili vinataka macho yote mawili, watoto wakawa wanajiangalia wenyewe.

Siku yenyewe haikuwa na jambo la pekee. Jioni, vumbi kidogo. Nyumbu kijana, yule yule wa wivu wa Wazungu, aliteremka akiwa na kitunguri cha toleo la tatu shingoni. Kilikuwa kimya. Kimya hicho yeye alikielewa kuwa ruhusa. Mtoto wa nne wa Mama Ngiri alikuwa anavuka kuwafuata wenzake, mkia juu.

Kobe wa pili ndiye aliyeitwa kupima, kwa kuwa hana haraka. Alipima kutwa nzima. Alikuta alama za kwato zikianza kuchimba ardhi hatua kadhaa baada ya mahali mtoto alipokuwa, si kabla. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa Nyumbu mwenyewe, aliyeapa kwamba alifunga kwato papo hapo alipomwona. Na hakusema uongo. Gari lililo kwenye 100 kwa saa linakula karibu mita 28 kila sekunde, na sekunde moja ndiyo muda wa mtu aliye macho kuona, kuelewa na kupeleka mguu kwenye breki. Kwenye 50 ni mita 14. Baada ya hapo ndipo breki zenyewe zinaanza kufanya kazi, na kasi ikiwa maradufu umbali wa breki hauwi maradufu. Unakuwa mara nne. "Papo hapo" ya mwenye mbio ina urefu, na mtoto alikuwa ndani ya urefu huo.

Baraza likaketi. Nyati alikaa mstari wa mbele, na hakuna aliyetaja hesabu ya jioni.

"Mzee Simba," akasema Nyumbu kijana, machozi yakimtoka, "kitunguri hakikulia. Nimetoa madebe kumi, na hakikulia!"

Macho yote yakamgeukia Sungura. Naye alisimama bila wasiwasi, akaomba kitunguri, akakifungua, akamtoa nondo mzima wa afya.

"Wazee wangu, naomba niulize. Jioni ile kulikuwa na Popo bondeni?"

"Hakukuwa," wakajibu.

"Mwewe je?"

"Alishahamishwa."

"Basi kitunguri kilinyamaza kwa sababu hapakuwa na wa kumtangaza. Kimefanya kazi yake bila kosa. Mimi sikuuza kifaa cha kusikia watoto. Mtoto wa ngiri hatoi mlio wowote anapovuka. Angeutoa, nondo wangu angeusikia."

Baraza likanung'unika, lakini hakuna aliyeweza kumkosoa, na kusema kweli hata mimi siwezi. Alikuwa amesema ukweli mtupu, wa kwanza tangu afike Mkata.

Bundi, katibu, akatumwa barabarani kwa binadamu kuusoma ubao ajue ngiri ni kiasi gani. Akarudi akasema bei ipo, ila ubao hautofautishi mtoto na mama. Nyumbu akatozwa, Nyati akamkopesha. Kisha Bundi akasoma daftari la matumizi ya mwaka, kama utaratibu unavyotaka, na katikati ya orodha ndefu ya nyasi na maji akapita haraka kwenye mstari mmoja: Sungura, ushauri wa kitaalamu kwa kitengo cha Popo kuhusu namna ya kuning'inia kimya, madebe arobaini. Kanga alikohoa. Wengine walikuwa wanapiga miayo, kikao kilikuwa kimerefuka.

Kuhusu vitunguri, maoni yaligawanyika. Punda Milia alitaka vipigwe marufuku kama kwa Korongo. Fisi alisema kila mnyama ana uhuru wa kujinunulia ujinga. Simba alisikiliza pande zote, akaamua kwamba kuanzia mwezi mpya kila kitunguri kilipiwe kibali cha madebe mawili kwa mwaka, na mapato yake yatumike kununua majani ya mkwaju. Mwenye macho makali angeona kwamba kwenye manyoya ya shingo ya Mzee kulikuwa na kamba.

Sheria ya bondeni haikuguswa. Ilikuwa ile ile ya mwanzo, na aliyetaka angeweza kuifuata bila kununua kitu.

Gulio lililofuata Sungura alipanda kichuguu chake akiwa na mzigo mpya: njuga ndogo za shaba za kumvika mtoto mguuni. Zilikuwa zimepimwa vizuri. Mtoto akikimbia, zinatoa mlio mwembamba unaofanana na wa Popo, nondo anapapatika, Nyumbu anapunguza mwendo. Zinakwenda na vitunguri vya matoleo yote. Njuga, madebe kumi kwa mtoto.

Akina mama walipanga foleni tangu alfajiri. Mama Ngiri alikuwa ameufunga uji siku hiyo na alifika wa mapema, amewashika wanawe wasitawanyike. Zamu yake ilipofika aliamkia, akaweka debe la kwanza chini, akauliza kama kwa watoto watatu kuna punguzo.

Sungura akawahesabu kwa kidole.

"Wangekuwa wanne, mama, ningekupunguzia."